Mwenye Sonona Asiachwe Ndani

Katika kila mtaa wa Visiwa hivi, kuanzia Ng'ambo hadi Makunduchi na kutoka Mkoani hadi Micheweni, wamo watu waliopotea bila ya kusafiri. Hawakwenda Dar es Salaam wala Maskati. Wamo majumbani mwao. Jana walikuwa wakionekana msikitini, barazani, sokoni na pwani. Leo ukimuuliza jirani, utaambiwa kwamba fulani hajisikii vyema siku hizi, au kwamba yumo ndani na hataki watu. Miezi ikipita, hata jirani huacha kuulizwa. Tungependa leo kuzungumza habari za ndugu zetu hao, kwa sababu ni wengi kuliko tunavyokiri, na kwa sababu dawa moja miongoni mwa dawa zao haimo katika bohari yoyote ya Serikali. Imo mikononi mwetu sote.

Maradhi yenyewe, ambayo siku hizi madaktari wetu huyaita sonona, si mageni. Wazee waliyataja kwa maneno mengi, simanzi, unyong'onyevu, kihoro, na kila neno lilikuwa na mahali pake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 ulimwenguni walikuwa na maradhi haya. Mtu hupoteza raha ya vile vilivyokuwa vikimpendeza. Usingizi humruka au humzidi. Chakula huwa hakina ladha kinywani mwake. Mwili humlemea pasipo kufanya kazi. Fikra hazitulii juu ya jambo moja. Na hujiona kuwa hana faida kwa mtu yeyote. Hali hiyo ikidumu kwa wiki mbili na zaidi, kutwa nzima na karibu kila siku, haifai tena kusemwa kuwa ni uchovu tu.

Wale waliopitia vyuoni watapenda kukumbushwa kwamba elimu ya jambo hili haikuanzia Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, juu ya maslaha ya miili na nafsi, na ndani yake akapambanua kati ya huzuni ambayo sababu yake inajulikana, kama vile kufiwa au kupotelewa na mali, na huzuni inayomshika mtu pasipo yeye mwenyewe kujua imetoka wapi. Alieleza pia kwamba mwili ukiugua nafsi haisalimiki, na nafsi ikiugua mwili nao hudhoofika. Zaidi ya miaka elfu moja imepita tangu aandike, na bado wako miongoni mwetu wasemao kwamba asiyekuwa na msiba hana haki ya kuwa na huzuni.

Na wenye misiba je? Visiwa hivi vinaijua vyema huzuni yenye sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Na haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Katika siku zile watu walifanya kilicho desturi yetu: waliofiwa hawakuachwa peke yao. Majirani walipika, mikeka ikatandikwa, hitima zikasomwa, na aliyetaka kulia alilia mbele ya watu. Desturi hiyo ni hazina. Lakini matanga yana siku zake. Mikeka ikishakunjwa na masufuria kurejeshwa kwa wenyewe, kila mtu hurudi kwenye shughuli zake, na yule ambaye huzuni yake haikukunjwa pamoja na mikeka hubaki ndani ya nyumba iliyokwisha kuwa kimya. Hapo ndipo desturi inapokatika, na hapo ndipo, kwa wengi, maradhi yanapoanza.

Tuchukulie mvuvi aliyepoteza mashine ya chombo chake, na hana fedha za kununua nyingine. Wiki ya kwanza hashuki pwani, kwani ashuke kufanya nini? Wiki ya pili haendi barazani, maana ataulizwa habari za mashine. Wiki ya tatu anaacha hata kukaa kizingitini. Kila alichokiacha kilikuwa kikimpa kitu ambacho hakuwahi kukipima: upepo wa asubuhi, mzaha wa wenzake wakivuta nyavu, kikombe cha kahawa chungu, salamu za watoto watokao skuli, na zile mbio za moyo pale dhumna ya mwisho inapopigwa mezani. Sasa vyote hivyo vimekatika, na moyo usiopata kitu huzidi kuzama. Ukizidi kuzama, nguvu ya kutoka huzidi kupungua. Asipotoka, hapati kitu. Mduara huo ndio unaomla mtu, wala hauna haja ya adui kutoka nje. Na mwenye kuzungushwa humo hujiambia neno moja tu, nalo ndilo linalomponza: moyo wangu ukirudi, nitatoka.

Moyo haurudi kwa kungojewa. Hiyo ndiyo elimu tunayotaka ienee, kwamba kwa maradhi haya mpangilio hugeuzwa: mtu hutenda kwanza, na moyo hufuata nyuma, polepole, siku nyingine pasipo yeye kujua.

Wataalamu wameuchunguza mduara huo kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1970 Peter Lewinsohn wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alifundisha kwamba sonona hukua pale maisha ya mtu yanapopungukiwa na mambo yenye kumpa tunzo nafsini. Na katika kazi yake ikatungwa orodha ya mambo 320 yapendezayo, mengi yao madogo kabisa, ili mgonjwa aonyeshe ni yapi anayafanya na ni yapi ameyaacha. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliigawa tiba mashuhuri ya mazungumzo katika sehemu zake, wakaona kwamba ile sehemu ya kumrudisha mgonjwa katika shughuli, peke yake, ilifaa sawa na tiba nzima. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Uingereza, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Exeter, juu ya wagonjwa 440. Wahudumu wa daraja la chini waliofundishwa tiba hii ya shughuli hawakupitwa na wataalamu wenye mafunzo marefu wa tiba ya fikra, na gharama yao ilikuwa ndogo zaidi.

Atasema msomaji kwamba hayo ni ya watu wa Ulaya na Marekani, wenye uwezo na nafasi. Basi na tuvuke bahari yetu wenyewe, twende Goa, kulikotoka wengi wa makarani na washoni wa zamani wa mji wa Unguja. Huko yalitolewa mwaka 2017 matokeo ya tiba ya namna hii kwa wagonjwa 495 wenye sonona iliyokuwa kali, katika vituo vya afya vya msingi. Waliozungumza nao hawakuwa madaktari. Walikuwa raia wa kawaida waliopewa mafunzo, nao walikutana na kila mgonjwa kwa vikao sita hadi vinane, wakipanga naye afanye nini, lini, na pamoja na nani. Baada ya miezi mitatu, watu 64 katika kila 100 waliopata msaada huo walikuwa wametoka katika maradhi. Kwa wale waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa peke yake, walikuwa 39 katika kila 100.

Hatutaji tarakimu hizi kwa kupenda tarakimu. Tunazitaja kwa sababu sote tunajua kwamba madaktari wa maradhi ya akili hawatoshi kumfikia kila mwenye sonona, na kwamba mtu wa Tumbatu au wa Kojani hawezi kila wiki kupanda chombo, kisha gari, hadi Hospitali ya Kidongo Chekundu. Ikiwa msaada wa kwanza waweza kutolewa na mtu wa shehia aliyefunzwa vyema, basi kutomfunza ni uzembe.

Njia yenyewe ni nyepesi kuieleza na nzito kuifuata. Karatasi ya daftari la skuli yatosha. Kwa muda wa wiki moja mgonjwa, au ndugu yake akimwandikia, huandika kila siku amefanya nini asubuhi, mchana, alasiri na usiku, na pembeni huandika hali ya moyo wake kwa hesabu ya sifuri hadi kumi. Mwisho wa wiki karatasi huanza kusema. Huonekana kwamba ile alasiri aliyokaa uani akichambua mchele na shangazi yake, moyo ulipanda kutoka mbili hadi nne. Na kwamba zile saa tatu alizolala akitazama dari ulishuka hadi moja. Mwenyewe alikuwa akiapa kwamba siku zote ni sawasawa.

Kisha huchaguliwa mambo machache, madogo, ambayo zamani yalimpendeza au yalimpa heshima machoni pake mwenyewe. Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema wanapoharibu, kwa kumpangia mgonjwa makubwa: arudi kazini kesho, ahudhurie harusi, asafiri. Mtu aliyemaliza mwezi chumbani hatakiwi kuvuka bahari. Anatakiwa kuoga na kuvaa kikoi safi kabla ya saa nne. Anatakiwa kukaa barazani kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, tena akipenda asiseme neno. Anatakiwa kumwagilia mrehani, kumtafutia mbuzi majani, kutembea hadi pwani kabla ya Magharibi na kurudi. Kila jambo liwe na siku yake, saa yake na mahali pake, na bora liwe na mtu wa kufuatana naye. Saa ikifika linafanywa, moyo ukitaka usitake. Huenda mara ya kwanza asihisi raha yoyote, na ni vizuri aambiwe mapema kwamba hilo ni la kawaida, asije akadhani kwamba dawa imemkataa. Jambo likimshinda, halifutwi, linagawanywa nusu. Wazee walisema kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure, na sisi tunaona methali hiyo imekaa karibu zaidi na elimu ya tiba kuliko nyingi ya hotuba zinazotolewa juu ya afya.

Kwa wanawake, ambao barazani hawakai, mabaraza yao ni ya uani, na huko shughuli moja inastahili kutajwa kwa jina. Kusuka ukili ni kazi ambayo mikono huifanya huku macho na midomo iko huru. Mwanamke huketi na wenzake, kila mmoja na miyaa yake, mazungumzo yanakwenda na kurudi, hakuna anayemkazia mwingine macho, na mwenye kutaka kunyamaza ananyamaza bila ya kuulizwa kwa nini. Na jioni ukili unaonekana kwa macho kuwa umeongezeka. Kwa mtu ambaye nafsi yake humwambia kutwa kwamba hana alifanyalo, urefu ule ni ushahidi. Ushonaji wa kofia una faida hiyohiyo, na wale akina mama wa Paje na Jambiani waingiao majini pamoja kulima mwani hupata jua, mwendo na wenzao kwa mara moja, ingawa bei ya mwani ni shauri jingine ambalo halileti raha kwa mtu. Mama aliyejifungua, akawa haoni furaha kwa mtoto wala kwa chochote, asiambiwe kuwa ni mtovu wa shukurani. Aletewe miyaa na watu wa kukaa nao, na apelekwe kituoni aonwe.

Nchini Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kukaa juu ya benchi nje ya kituo cha afya na kuwasaidia wenye sonona kuyatatua matatizo yao, moja baada ya moja. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 juu ya wagonjwa 573 katika vituo 24 vya Harare ulionyesha kwamba waliosaidiwa namna hiyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wanaomaliza vikao vya benchi hukaribishwa katika duara la wenzao, ambako husuka mikoba huku wakizungumza. Wazo la benchi hilo limekwisha kuletwa hata hapa Zanzibar. Wasusi wetu wa ukili hawatahitaji mwalimu wa mbali kuwaeleza duara lile linafanya kazi gani.

Si kila kinachoitwa starehe lakini huingia katika hesabu hii. Dawa za kulevya humwondolea mtu uzito kwa saa chache na kumrudishia mara mbili. Kulala mchana kutwa, au kukesha na simu hadi alfajiri mtu akitazama maisha ya wengine, ni njia za kukimbia, na mwenye kukimbia hujiona amepumzika kwa muda kisha hurudi pale pale. Kipimo ni kile cha karatasi: baada ya jambo lile, moyo ulipanda au ulishuka?

Jamaa wa mgonjwa nao wana sehemu yao, na sehemu hiyo imo zaidi katika namna ya kusema. Maneno kama changamka, jikaze, wewe si mwanamume, hayajamponya mtu yeyote. Humwongezea aibu, na aibu ni kufuli jingine juu ya mlango. Yule kaka anayesema, njoo unishikie dema hili nilifunge, peke yangu siwezi, amefanya zaidi ya mwenye kutoa mawaidha ya saa nzima. Akikataliwa leo, arudi kesho, bila ya kununa.

Wapo watakaotuuliza juu ya kisomo. Sisi hatuoni ugomvi wowote. Dua ya kumuomba Mwenyezi Mungu amwepushe mja na hamu na huzuni inajulikana na kila mtoto aliyepita chuoni, na ndani ya dua hiyohiyo mja huomba pia kuepushwa na unyonge na uvivu, jambo ambalo wenye kuisoma wangelizingatia. Tunachopinga ni mgonjwa kuzungukwa na moshi wa ubani ndani ya chumba kilichofungwa, miezi mitatu, huku fedha za nyumba zikihamia kwa mganga na mgonjwa asione hata jua. Asomewe, kisha afuatwe mkono hadi barazani.

Wala asidhani mtu kwamba tunaileta kahawa mahali pa hospitali. Sonona kali huhitaji daktari na pengine dawa, na dawa iliyoandikwa na daktari haikatizwi kwa sababu mtu ameanza kucheza bao. Akianza kusema kuwa bora asingelikuwapo, au akagawa vitu vyake na kuaga watu, haachwi peke yake hata saa moja. Vitu vya hatari vinaondolewa karibu naye, na siku hiyohiyo anapelekwa hospitali. Hilo halingoji kikao cha ukoo.

Sasa tuwageukie wenye dhamana. Ofisa anayeona mfanyakazi wake amebadilika, anachelewa, amekaa mbele ya jalada lilelile tangu asubuhi, mara nyingi huwa na njia mbili: barua ya onyo, au likizo ndefu. Barua humthibitishia mgonjwa yale mabaya anayojidhania. Likizo tupu, isiyokuwa na mpango wowote, humkabidhi kwa dari ya chumba chake. Ipo njia ya tatu, ya kumpunguzia kazi kwa muda, kumpa ile anayoiweza kumaliza kwa siku, na kumruhusu kwenda kituo cha afya bila ya kumfanya ajieleze mbele ya ofisi nzima.

Mabaraza ya Manispaa na Halmashauri nazo hushughulika na sonona kila siku bila ya kujua. Kiwanja cha mpira kinapomegwa kujengwa maduka, baraza la mawe linapovunjwa kupanua njia ya gari, ufuo unapozungushiwa ua hata wenyeji wakapita kwa kuiba, hapo panakatwa sehemu ya tiba ya watu wasioweza kununua nyingine. Katika kila ramani inayopitishwa, tungelitaka aonekane mtu mmoja akiuliza wazee wa pale watakaa wapi jioni, vijana watacheza wapi, na wanawake watakutana wapi. Taa mbili na mabenchi manne chini ya mwembe si mradi wa kuja kufunguliwa kwa ngoma, lakini hutumika kila jioni ya mwaka.

Masheha wanazijua nyumba zao. Wahudumu wa afya wa kujitolea, ambao tayari hupita mlango kwa mlango kuuliza habari za wajawazito na watoto, wanazijua zaidi. Kwa hivyo tunaiomba Wizara ya Afya iwaongezee wahudumu hao mafunzo ya tiba hii ya shughuli, pamoja na njia ya wazi ya kumfikisha hospitali anayehitaji, na iongeze katika maswali wanayouliza kila mlango maswali haya mawili: je, yupo mtu wa nyumba hii ambaye hajatoka nje wiki hii, na ni nani atakayefuatana naye kesho?